Buibui wa Mlangoni

Mtoro alikuwa mwanamume wa miraba minne. Pale kivukoni Ndundu watu walimwona kwa macho yao akimkamata mamba mkia na kumburuta hadi ukingoni, na asiyesadiki alialikwa nyumbani kwake Kibiti akayaone meno ya mamba yametungwa uzi mlangoni. Shoka halikumtisha, nguruwe pori hakumtisha, wala simba wa vichaka vya Mchukwi. Kilichomtisha ni buibui.

Aliyeijua siri hiyo ni mkewe tu, Mwanawetu. Kila Mtoro aliporudi safari, Mwanawetu alitangulia ndani na ufagio, akazungusha pembe zote nne za chumba, akapiga dari, kisha akaita, "Ingia bwana, wamekwenda." Hapo ndipo mshika mamba aliinama na kuingia nyumbani kwake. Kwa nje watu waliona mke mwenye adabu anayemfagilia mumewe njia, wakamsifu. Mwanawetu alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa ulimi, msusi wa mikeka ambaye mikono yake haikuachana na ukili hata akienda msibani. Sifa zile alizipokea akanyamaza, ila akiwa peke yake alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Mwaka ule Wamatumbi, ng'ambo ya mto, walikuwa wameing'oa pamba ya Wadachi na vita vimewaka milimani. Watu walikunywa maji ya dawa wakaambiwa risasi zitawatiririka mwilini kama mvua. Upande wa Kibiti vita vyenyewe vilikuwa havijafika, lakini habari zake zilivuka mto kila siku, na kila aliyezibeba aliziongezea chumvi kidogo njiani.

Katika waliokuja mbio kutoka milimani alikuwamo Mdachi mmoja mwembamba, mwenye miwani na shingo nyekundu kama ya jogoo. Hakuwa askari wala mtu wa boma. Kazi yake ilikuwa kukusanya wadudu, na katika wadudu wote aliwapenda buibui. Watu walimwita Bwana Buibui, naye jina hilo alilipenda, akadhani ni heshima. Huko milimani alikuwa amekamata buibui wengi akawatia kwenye chupa za spiriti, kila chupa na kikaratasi chake ndani. Kabla ya kuwakamata, alikuwa akiwapiga picha, ambazo watu wa wakati ule waliziita sanamu, kwa sanduku lake lenye jicho la kioo na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa.

Vita vilipowaka, Bwana Buibui aliajiri wapagazi wamvushe. Mtoro, aliyekuwa huko katika safari zake, alikuwamo. Kwa kuwa ndiye mwenye kifua kipana kuliko wote, alipewa sanduku la chupa. Alipouliza ni nini, aliambiwa, "Ni chupa. Angalia zisivunjike." Basi Mtoro akajua ni dawa, akalibeba sanduku lile kichwani toka milimani mpaka mtoni kwa upole kama aliyebeba mtoto mchanga.

Wakaingia mtumbwini. Katikati ya mto, maji yakiwa shwari na wapiga kasia wakiimba, Mtoro aliona si vibaya kuzungumza na bwana wake.

"Bwana, dawa hii ni ya ugonjwa gani?"

Bwana Buibui alifurahi. Toka afike nchi hii hajapata kuulizwa swali na mpagazi juu ya kazi yake. Akafungua kifuniko cha sanduku pale pale mapajani mwa Mtoro, akatoa chupa iliyo kubwa kuliko zote, akaisogeza mpaka karibu na pua yake. Ndani ya chupa, miguu imejikunja na manyoya yameelea, alikuwamo buibui wa kujaa kiganja cha mtu mzima.

Mtoro alisimama. Na mtumbwini hakusimamwi.

Watu hawakufa, maana wapiga kasia wale walizaliwa na mto. Mtumbwi uliyumba, ukanywa maji, ukatulia. Lakini sanduku lilikwenda. Mapovu machache yalipanda, kiboko mmoja akainua kichwa kuangalia kilichomwangukia, na hiyo ndiyo ikawa khatima ya chupa na vikaratasi na buibui wote. Zilizobaki ni picha, kwa kuwa zilikuwa mtumbwi wa nyuma, zimefungwa ndani ya blanketi.

* * *

Mwanawetu alipata habari akiwa uani anaanika ukindu. Aliambiwa mumewe ameketishwa chini barazani kwa Jumbe Bushiri, anangoja kupelekwa Mohoro bomani, na bomani kuna kiboko cha ngozi kisichojua huruma. Akajifunga kanga ya pili kiunoni, akaenda, na ukili wake mkononi.

Jumbe Bushiri alikuwa mtu wa tumbo na kanzu safi. Ujumbe alipewa na Wadachi, na toka vita vianze alikuwa hana raha: mchana akiogopa boma, jioni akiogopa watu wa maji. Alimwona Mwanawetu anakuja, akatikisa kichwa mapema.

"Mwanawetu, rudi nyumbani. Mumeo ametupa mali ya serikali mtoni."

"Shikamoo jumbe. Sikuja kwako, nimekuja kwa mwenye mali." Akamgeukia Mdachi, akapiga goti kidogo tu, kadiri ya adabu. "Bwana, nauliza. Sanduku lilikuwa limefungwa?"

"Lilifungwa," alisema Bwana Buibui. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata, lakini kilieleweka.

"Nani aliyelifungua katikati ya mto?"

Bwana Buibui alikohoa. Jumbe akajifanya anatafuta kitu chini ya mkeka. Mtoro, pale chini, aliinua jicho moja.

"Kosa ni lake kusimama," alisema yule Mdachi, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Weye hujui, mama. Mwaka mzima kazi yangu. Chupa ilikuwa na buibui na karatasi: rangi yake, ukubwa wake, anakaa wapi. Sasa nina picha tu. Picha ni nyeusi na nyeupe. Haisemi."

"Kama haisemi, si itafutiwe wa kuisemea?" alijibu Mwanawetu. "Watu wamejaa hapa. Buibui hawakushuka mbinguni, wanaishi na sisi. Tuonyeshe. Tukikwambia huyu ni nani na anakaa wapi, mume wangu umwache."

Mdachi alivua miwani, akaifuta. "Na yeye atashika picha," alisema, akimnyooshea Mtoro kidole. "Kila moja. Mbele ya watu."

Mtoro alimtazama mkewe kwa macho ya mtu anayejiuliza kama kiboko cha bomani kingekuwa kibaya hivyo.

* * *

Kibiti nzima ilijaa barazani. Mtoro alisimama katikati, mikono ameinyoosha mbele mpaka mwisho, picha imeshikwa kwa ncha za vidole na macho ameyafumba kama anayesubiri kutahiriwa.

Picha ya kwanza iliwatawanya watu. Wanawake waliokaa mbele waliinuka na watoto wao, na fundi mmoja wa makasia alikanyaga bakuli la tende. Buibui alikuwa amejaa karatasi nzima, miguu ikigusa pembe zote.

"Mkubwa hivi yuko wapi?" aliuliza Jumbe Bushiri, akijivuta nyuma bila kuonekana. "Huyu anakula mbuzi!"

Bwana Buibui alieleza kwamba picha haionyeshi ukubwa. Jicho la sanduku humsogeza mdogo akawa mkubwa. Huenda ni kama punje ya mtama. Watu wakarudi kidogo kidogo, wakiona haya.

"Basi huyu ninamjua," alisema jumbe, akiwa sasa ametulia na anataka kurudisha heshima yake. Akaichukua picha mkononi mwa Mtoro, akaitazama kwa kituo. "Huyu si buibui. Huyu ni kaa. Yuko tele huko mikokoni. Tazama gando hili."

"Jumbe," alisema Mwanawetu kwa upole, "umemshika kichwa chini."

Jumbe akamgeuza. Akawa buibui.

Picha nyingine jumbe alisema ni chungu, na safari hii watu wote walikubaliana naye, hata Mwanawetu, maana kiuno kilikuwa chembamba na kichwa cheusi, chungu kabisa. Bwana Buibui akatoa kioo chake cha kukuzia, akawaita waje mmoja mmoja wahesabu miguu. Ilikuwa minane. Akawaonyesha na macho, manane, yamepangwa kama vishimo vya bao. Watu wakashangaa kwamba yuko buibui anayejifanya chungu, wakaanza kubishana anawadanganya nani, na kwa faida gani, na mjadala ule ukachukua hadi adhuhuri.

Mwanawetu aliwatambua kadhaa. Yule wa kuruka, anayewinda inzi ukutani, alimjua kwa macho yake mawili makubwa ya mbele, kwamba ukimtazama naye anakutazama. Yule anayekaa ndani ya matita ya ukindu alimjua vizuri, kashamtoa maelfu. Akasema ni wa kijani kibichi akiwa mdogo, na akizeeka anakuwa rangi ya majani makavu. Bwana Buibui aliandika haraka haraka. Lakini zilibaki picha nyingi ambazo hakuna wa Kibiti aliyezijua, na kila mtu aliyejaribu alisema lake. Mmoja alidai yule mwenye miiba mgongoni ni mkwewe. Kicheko kilichozuka hapo Mdachi hakukielewa, akaandika jina la huyo mkwe kama alivyotajiwa.

Mwanawetu aliona hatari. Siku Mdachi atakapogundua utani huo, atakayelia ni Mtoro.

"Hawa ni wa milimani, bwana," alisema. "Sisi watu wa bonde hatuwajui. Nipe muda."

"Utawapata wapi watu wa milimani?" aliuliza Jumbe Bushiri kwa ukali. "Amri ya boma ni kwamba kila Mmatumbi atakayevuka mto akamatwe apelekwe Mohoro. Ukimwona mmoja, weye mwenyewe niletee."

"Nisipomwona?"

"Basi hujamwona."

* * *

Siku iliyofuata, jua likiwa limepanda, Mwanawetu alikwenda shambani kwake bondeni, njia ya Mahege, kutazama kama udongo umelainika kwa mvua za vuli. Shambani kulikuwa na dungu, kile kibanda cha miguu mirefu ambacho watu hulindia mpunga dhidi ya ndege. Msimu wa ndege ulikuwa bado, lakini ngazi ya dungu ilikuwa imeegemezwa upande ambao yeye hakuiegemeza.

"Hodi huko juu," alisema.

Mtoto alikohoa, na mkono ukamziba mdomo.

"Nimeshasikia. Teremkeni, miye si askari. Askari hawasuki ukili."

Aliteremka kwanza bibi mmoja mrefu, mkavu, wa umri wa kuitwa mama na Mwanawetu, nguo yake moja imeungua pindo. Nyuma yake alikuja mwanamke kijana na mtoto mgongoni, na mwingine wa kike amemshika mkono. Yule bibi alisema jina lake ni Sijaona, na yule kijana ni mkaza mwanawe, Tatu. Walivushwa mto na mvuvi aliyewahurumia. Mwanawe Bi Sijaona, Salumu, mumewe Tatu, alikuwa amekwenda vitani na wenzake. Toka hapo hawana habari naye. Askari walipanda kijijini wakachoma nyumba na maghala. Aliyasema hayo kwa ufupi, bila kulia, akitazama mfuko wa Mwanawetu.

Mwanawetu alitoa viazi alivyojifungia, akawapa. Watoto walikula na maganda.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwanawetu, akakumbuka kwamba hata hakuamkia.

"Marahaba, mwanangu. Utatupeleka kwa jumbe?"

Mwanawetu aliketi chini, akasuka vidole vichache vya ukili. Kuwaficha katika dungu lisilo na ukuta, kandokando ya njia, hakungewezekana. Kuwapeleka kwake kwa siri, nyumba yake ina chumba kimoja na mume mwenye kifua cha kujaza mlango. Halafu wazo likamjia, akajikuta anatabasamu.

"Bibi, weye unajua buibui?"

Bi Sijaona aliacha kutafuna. "Buibui?"

"Wa kwenu, wa milimani."

"Mwanangu, buibui ninamjua kwa ndara. Nikimwona, pa! Ndiyo ujuzi wangu wote."

"Huo unatosha," alisema Mwanawetu. "Toka leo weye ni bingwa wa buibui wa Umatumbi nzima. Mkaza mwanao ni msaidizi wako. Ukiulizwa usilolijua, tazama picha kwa muda mrefu, kisha sema anakaa kwenye miti mirefu. Hakuna atakayepanda kuhakikisha."

Bi Sijaona alimtazama kama anayetazama mtu aliyepagawa. Halafu, kwa mara ya kwanza toka avuke mto, akacheka. Kicheko kikavu, kama mtu anayejaribu kitu kilicholala muda mrefu.

* * *

Mwanawetu hakuwaficha. Aliwapitisha katikati ya kijiji jua la saa nne, akitangulia na kusema kwa sauti kwa kila aliyemkuta, "Wageni wa Bwana Buibui hawa, tupisheni." Walipofika barazani Jumbe Bushiri aliruka kama aliyekalia mwiba.

"Mwanawetu! Hawa ni—"

"Ni wajuzi, jumbe. Bwana aliagiza wajuzi."

Bwana Buibui alikuwa hajaagiza, lakini aliposikia neno wajuzi alishaanza kutandaza picha mkekani. Jumbe alifunga mdomo. Boma liko mbali, na Mdachi huyu yuko mbele yake. Akaona heri amkasirikie baadaye.

Mtoro akashika picha ya kwanza. Sasa alikuwa amepiga hatua: jicho moja lilikuwa wazi, ingawa lilitazama mbali, upande wa minazi.

Bi Sijaona alitazama kwa muda mrefu. "Huyu," alisema kwa sauti nzito ya bingwa, "anakaa kwenye miti mirefu."

"Rangi?" aliuliza Bwana Buibui.

"Ya miti mirefu."

Ya pili pia alikaa kwenye miti mirefu. Kwa ile ya tatu, Tatu alimwinamia mkwewe na kumnong'oneza, naye akatangaza kwamba huyu kweli wanamjua, ni yule anayetanda utando mkubwa wa rangi ya manjano baina ya mihogo, wenye nguvu hata ndege mdogo hunasa, na watoto huuzungushia vijiti wakachezea. Tumbo refu, miguu ina mafundo meusi. Bwana Buibui alipiga paja lake kwa furaha. Ya nne ilikuwa ya buibui aliyebeba watoto wake mgongoni, wamerundikana kama punje za ufuta. Tatu, na mwanawe mgongoni, alisema peke yake, "Huyu yuko chini, kwenye majani makavu. Ni rangi ya majani. Ukimpiga, watoto wote wanakimbia kila upande." Akamweka mwanawe sawa mgongoni. "Mie siwapigi hao."

Mambo yalikwenda vizuri hivyo. Mwanawetu alikuwa ameshaanza kuhesabu moyoni siku za kuwaweka, mpaka Mtoro aliponyanyua picha nyingine.

Ilikuwa ya buibui bapa, amejibandika ukutani kama aliyepigwa pasi, na pembeni yake duara jeupe la mayai, jembamba kama karatasi. Bi Sijaona alifungua kinywa aseme habari ya miti mirefu. Hakusema. Aliinuka akaenda karibu, akaichukua picha mkononi mwa Mtoro, akaigeuza kwenye mwanga.

"Huyu ni wa mlangoni kwangu," alisema.

Mwanawetu alidhani bibi anacheza vizuri kuliko alivyofundishwa. "Wa milangoni, bwana," alisaidia. "Anakaa milangoni."

"Si milangoni. Mlangoni kwangu." Kidole chake hakikuwa juu ya buibui. Kilikuwa ukingoni mwa picha, ambako ulionekana mwimo wa mlango uliochongwa mistari midogo, juu, chini, juu, chini. "Alichonga Salumu hii, alipokuwa mvulana, kwa kisu cha babake. Nilimpiga. Nikasema ameuharibu mwimo mpya." Akamgeukia Mdachi. "Ni weye. Ulikuja ukapiga magoti mlangoni kwangu na nguo nyeusi kichwani. Nikasema, masikini, Mzungu huyu anauabudu ukuta wangu."

Bwana Buibui alisimama polepole. "Mama uliyenipa maji ya ukwaju," alisema.

"Ulikunywa kata mbili."

Watu walicheka, na yeye Mdachi alicheka. Kisha akauliza, kama mtu anavyouliza habari za nyumba ya jamaa, "Na nyumba iko salama?"

"Wameichoma."

Jumbe Bushiri alitazama mkeka. Mtoro, mikono bado imenyooka mbele ingawa haina picha, alifumbua macho yote mawili akamtazama yule bibi. Bwana Buibui alivua miwani, akaishika mkononi, akaivaa tena. Ilionekana anatafuta neno na Kiswahili chake hakina, na pengine lugha yake pia haina.

Mwishowe akauliza lile alilolijua kuuliza. "Huyu buibui... rangi yake?"

"Rangi ya udongo wa ukuta," alijibu Bi Sijaona. "Ndiyo maana humwoni mpaka akimbie. Anakimbia upande upande. Huyu sikumpiga ndara. Alikuwa akila mbu, nikamwacha. Alikaa na sisi msimu baada ya msimu, yeye au mwanawe, sijui. Haya, andika."

Akaandika. Mkono wake haukwenda haraka safari hii.

Bi Sijaona alirudi akaketi. Alipoonyeshwa picha iliyofuata, alisema, "Huyu simjui." Na iliyofuata, "Simjui." Na ile ya kwanza aliyosema ni ya miti mirefu, akaomba irudishwe. "Huyu pia simjui, bwana. Nilikudanganya. Futa." Mwanawetu alifinya ukili wake kwa hofu, lakini Mdachi alifuta.

* * *

Ilikuwa imebaki hatari moja: picha zikiisha, wajuzi hawana kazi, na jumbe ana amri yake. Mwanawetu alilifikiria hilo akiwatwangia mtama wageni wake, waliolala jikoni kwake. Kesho yake alikuja barazani na uso wa huzuni.

"Bwana, tumekesha kwa wasiwasi. Yule wa utando wa manjano, tulisema tumbo ni refu. Tatu anasema kuna mwingine, tumbo fupi. Huenda tulichanganya."

Picha ikatolewa, Mtoro akaishika. Wakabishana asubuhi nzima. Siku nyingine ikawa miguu. Siku nyingine Bi Sijaona, aliyeapa hatadanganya tena, alikataa kusema uwongo lakini akakubali kusahau, na kusahau kwake kulichukua muda mrefu. Walipokosa shaka, walimwomba Mdachi awaeleze upya habari za macho manane, naye alikuwa hawezi kukataa. Alieleza mpaka kivuli kikahama upande wa pili wa baraza.

Siku moja alimwita Mwanawetu kando.

"Mama, jana huyu alikuwa na tumbo jekundu. Juzi jeusi. Leo jekundu tena."

"Ni viumbe wa ajabu, bwana."

"Nimehesabu. Mnaniambia buibui mmoja kwa njia nyingi." Alimtazama juu ya miwani. "Mpaka lini?"

Mwanawetu aliacha kusuka. Aliona hana haja ya kuzunguka. "Mpaka jumbe asahau njia ya Mohoro."

Yule Mdachi alirudi kitini, akachukua kalamu, akaita kwa sauti ya kuchoka, "Haya. Tumbo. Jekundu au jeusi?" Mwanawetu hakumpenda kwa sababu hiyo; nyumba iliyochomwa ilichomwa na watu waliovaa nguo zilizoshonwa na watu wa kwao. Lakini siku hiyo alimpelekea bakuli la wali wa nazi, na hakumwambia mtu kwa nini.

Mvua za vuli zikakolea. Wanaume wengi wa Kibiti walikuwa wamechukuliwa upagazi wa vita, na mashamba hayakuwa na mikono. Asubuhi, kabla ya habari za buibui, Tatu alilima kwa Mwanawetu. Halafu mke wa jumbe akaomba asaidiwe siku moja tu. Siku moja ikawa tatu, tatu zikawa msimu, na Tatu alikuwa analima kama aliyekodishwa na mvua. Bi Sijaona alimkanda mke wa jumbe mgongo uliomsumbua toka ujana, kwa majani fulani ya bondeni ambayo alisema hayafiki ya milimani lakini yatafaa.

Mashua ya kumchukua Bwana Buibui ilipofika deltani, alifunga masanduku yake. Mtoro aliyabeba ya picha, kifuani, mikono miwili, bila kutetemeka sana. Kabla ya kuondoka Mdachi alimpa Bi Sijaona ile picha ya mlangoni. Yeye aliipokea kwa mkono mmoja, akaitazama, akaifunga pindoni mwa kanga, na hakusema ahsante. Alisema, "Safari njema," kama unavyomwambia mpita njia.

Vumbi la wapagazi halijatulia, Jumbe Bushiri akaja uani kwa Mwanawetu. Jumbe alisimama, akajipangusa kanzu, akatazama huku na huku.

"Wale wajuzi," alisema.

"Ndiyo, jumbe."

"Bwana ameondoka. Amri ni ile ile."

"Ndiyo, jumbe."

"Mke wangu anasema mgongo." Alikohoa. "Anasema mpunga wake wa chini haujapaliliwa. Anasema nikimpeleka mtu Mohoro, nami nibaki huko huko." Akashusha pumzi ndefu. "Sasa weye niambie, miye nimwone nani hapa?"

"Mimi na mume wangu, jumbe. Na jamaa zangu wa upande wa mama."

"Hujapata kuwa na jamaa wa upande wa mama."

"Walikuwa mbali."

Jumbe alitikisa kichwa, akaondoka, na toka siku hiyo alimwita Bi Sijaona shangazi, mbele za watu na kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mwaka uliofuata njaa iliwapiga vibaya watu wa milimani, na waliovuka mto walikuwa wengi mno hata amri ikachoka yenyewe. Wakati wa mavuno Salumu alikuja. Alikuwa amefungwa, akalimishwa barabara ya Wadachi, akaachiwa. Alikuwa mifupa mitupu na ndevu zimemjaa. Mamake alikuwa anapepeta mpunga. Aliinua kichwa, akamtazama kuanzia miguuni.

"Nani alikunyoa kichwa vibaya hivyo upande mmoja?" alisema. Kisha ungo ukamponyoka, mpunga ukamwagika uani kote, na akaketi chini katikati yake.

Salumu alipopata nguvu alitaka warudi wakajenge. Alirudi yeye na Tatu na watoto, baada ya misimu miwili, wakajenga pale pale. Bi Sijaona hakwenda. Alisema magoti yake yamezoea nchi tambarare. Mtoro alimjengea kibanda nyuma ya nyumba yao, mlango kwa mlango na jiko la Mwanawetu, na wanawake wale wawili waligombana kila siku ya Mungu juu ya mlenda, mmoja akidai haupikwi kwa nazi na mwingine akidai aliyeupika bila nazi hakuupika, hadi majirani wakajua kwamba siku ambayo hakuna kelele uani kwa Mtoro, lazima kuna mgonjwa.